Mwongozo kamili: kuishi na familia ya wakulima Ulaya, kwa kijana wa Mtwara na Lindi

Vijana wa Masasi, Newala, Nachingwea na Ruangwa wanaopata nafasi ya kwenda Ulaya kubadilishana uzoefu wa kilimo hawaangushwi na kazi. Aliyezoea kupalilia mikorosho juani na kubeba magunia ya ufuta hashindwi kulisha ndama. Wanaangushwa ndani ya nyumba. Ikifika wiki ya pili au ya tatu, kijana anapiga simu kwao analalamika: familia haimpendi, hashibi, anaamrishwa kama kibarua. Familia nayo inamwambia mratibu wa programu kwamba kijana ni mpole sana, ila haongei, hali, na akielekezwa jambo anaitikia kisha anafanya jingine.

Wote wawili wanasema kweli. Sisi tumelelewa kwamba mgeni mwenye adabu hatangazi shida zake, hukataa chakula mara ya kwanza, na hamuulizi mkubwa swali lile lile mara mbili. Kule mwenyeji anakusubiri wewe umwambie. Ukinyamaza, anaamini mambo yako ni shwari. Hatua zote zilizo hapa chini zinasimama juu ya hilo: sema mapema, kwa maneno mepesi, jambo likiwa bado dogo.

Mifano yangu mingi ni ya Ujerumani, Denmark na nchi za jirani, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Ukipangiwa shamba la mboga au matunda, sehemu ya zizi itakuhusu kidogo tu. Mengine yote yanabaki vilevile.

## Vitu vya kuandaa

Nyaraka: pasipoti, viza, barua ya mwaliko, makubaliano yaliyosainiwa, cheti cha bima, kadi ya chanjo, na nakala za vyote hivyo. Seti moja ya nakala mwachie mtu mmoja nyumbani, nyingine ihifadhi kwenye barua pepe yako.

Nguo: koti zito, sweta mbili, suruali mbili za kazi, fulana za mikono mirefu za kuvaa ndani, soksi nene, kofia na glovu. Usinunue nguo za baridi dukani Dar kwa bei ya kutisha. Mitumba ya Mtwara mjini au Masasi ina makoti mazuri ambayo hapa hayana mnunuzi kwa sababu ya joto letu. Gambuti na ovaroli uliza kwanza, kwa kuwa wenyeji wengi huwa nazo za akiba. Watumie namba ya kiatu chako mapema.

Vitu vidogo: adapta ya umeme (soketi zao ni za matundu mawili ya mviringo, plagi yetu ya pini tatu bapa haiingii), daftari la mfukoni, mafuta mazito ya ngozi, na dawa unazotumia kila siku zikiwa kwenye paketi zake pamoja na cheti cha daktari.

Zawadi: korosho zilizobanguliwa na kuokwa, zikiwa kwenye pakiti iliyofungwa vizuri, na kanga mbili. Uliza kabla kama kuna mtu wa familia mwenye mzio wa karanga au korosho. Kule swali hilo ni la kawaida, na mzio huo unaweza kuua. Ukipenda kinyago, chukua kidogo na utunze risiti.

Usibebe nyama wala maziwa ya aina yoyote, hata yaliyokaushwa, maana Umoja wa Ulaya umekataza abiria kuingia navyo kutoka nchi kama yetu. Matunda mabichi na mboga yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Kwa hiyo embe la bibi libaki Lindi, na ming'oko vilevile. Makombe ya baharini na chochote kitokanacho na kasa usiviguse kabisa.

## Hatua ya 1: Pata makubaliano kwa maandishi kabla ya kutoa hata shilingi

Makubaliano yataje saa za kazi kwa siku, siku za mapumziko, nani analipa nauli na bima, kama kuna posho na ni kiasi gani, utalala wapi, na nani utampigia mambo yakiharibika. Huyo wa mwisho asiwe mwenyeji wako, awe mtu mwingine.

Kwa nini maandishi? Kwa sababu maneno "utakuwa kama mtoto wetu" yanasikika tofauti masikioni mwa watu wawili. Wewe unasikia kulelewa. Wao wanamaanisha utakula mezani pamoja nao na utaamka kukamua kama watoto wao wanavyoamka. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe lako linaweza kuwa limeegeshwa mlangoni tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyekudharau.

Tahadhari. Familia ya kweli haikuombi "ada ya kukaribishwa" kwa namba ya simu. Mtu anayekuahidi kazi ya shambani Ulaya yenye mshahara mnono, kisha anataka pesa za haraka ili "kufungua faili", ni tapeli. Na pasipoti ni yako. Asitokee wakala wala mwenyeji wa kuishikilia kwa kisingizio cha kuitunza. Mtu anayeng'ang'ania pasipoti ya mwenzake anamfunga miguu, na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 ilitungwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo.

Ipo pia mitandao ya kimataifa kama WWOOF, ambamo mtu hufanya kazi shambani kwa saa chache akapata chakula na malazi. Ni ya kweli, lakini haikutafutii viza wala haikulipi mshahara. Usiende kufanya kazi kwa viza ya utalii ukidhani mtandao huo utakutetea.

## Hatua ya 2: Panga shamba lako nyumbani

Hatua hii hurukwa na wengi, kisha inawakosesha usingizi ugenini.

Ukiondoka Aprili na kurudi mwisho wa Septemba, unakosa mavuno ya ufuta na kipindi cha kupuliza salfa kwenye mikorosho, lakini unarudi wakati wa kuokota korosho. Ukiondoka Septemba, msimu mzima wa korosho unakupita. Kama una mikorosho ya jina lako, kubaliana na mtu wa kuipulizia na kuiokota, na mkubaliane pia mgawo. Malipo ya mnada hupitia benki, kwa hiyo hakikisha akaunti yako iko hai na taarifa zako kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima wa eneo lako) ni sahihi kabla hujapanda basi.

Kisha kaa na wazee. Waambie bayana kwamba unakwenda kujifunza, posho yake ni ya sabuni na nauli, na hutatuma fedha kila mwezi. Ni mazungumzo magumu, hasa kama ukoo umechanga nauli ya kwenda Dar. Yafanye ukiwa nao barazani. Kwa simu, ukiwa mbali, wataona umebadilika.

Utajua umefanikiwa pale mama atakapokuwa anajua kiasi cha posho yako na ameacha kuwaambia majirani kwamba umepata kazi Ulaya.

## Hatua ya 3: Viza, na barabara ya Dar

Anza na pasipoti. Uhamiaji watahitaji cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA. Kama herufi moja ya jina lako inatofautiana kati ya nyaraka hizo, rekebisha sasa. "Saidi" kwenye cheti na "Said" kwenye kitambulisho imewachelewesha wengi.

Kwa safari isiyozidi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180, unaomba viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Usingoje siku hizo 15. Programu ya miezi sita au mwaka inahitaji viza ya muda mrefu ya nchi husika, na hiyo huchukua muda zaidi. Muulize mratibu hasa ni viza ipi, na kama inaruhusu kazi za shambani.

Siku ya miadi usipange kufika Dar alfajiri ile ile. Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na masika barabara ya Kusini ina mambo yake. Mei 2024 mvua ziliikata eneo la Somanga, Kilwa, na magari yakakwama. Lala Dar siku mbili kabla, kwa ndugu au rafiki.

Ubalozini wakikuuliza kwa nini utarudi, usijibu kwa jumla. Taja shamba, ekari, familia na msimu. Kijana mwenye mikorosho yake, uanachama wa AMCOS na barua ya mtendaji wa kijiji ana jibu zito kuliko anavyodhani.

## Hatua ya 4: Andika barua ya kujitambulisha, na useme mambo magumu humo

Barua hii iende wiki tatu au nne kabla ya safari. Nusu yake iwe ya furaha: unatoka wapi, mnalima nini, ndugu wangapi. Weka picha ya bibo likiwa na korosho yake chini. Wengi kule wamekula korosho maisha yao yote bila kujua inaning'inia chini ya tunda, na ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi. Picha hiyo peke yake italeta mazungumzo ya jioni nzima.

Nusu ya pili iseme yale ambayo ungeona haya kuyasema uso kwa uso:

- Chakula usichokula. Kama ni Mwislamu, andika kwamba huli nguruwe kwa namna yoyote, wala pombe, hata iliyowekwa kwenye mchuzi. Eleza pia msimamo wako kuhusu nyama isiyochinjwa kihalali, ili wajue kama wakupikie samaki, mayai na mboga.
- Sala. Taja kwamba unahitaji dakika chache mara tano kwa siku na mahali safi.
- Mbwa. Wakulima wengi wa kule wana mbwa, na mbwa huingia ndani. Kama unamwogopa au hutaki akuguse, sema.
- Ugonjwa wowote ulio nao, na uzoefu wako na ng'ombe. Huku kwetu Kusini vijana wengi tumekua na mbuzi na kuku tu. Ukiandika "sijawahi kukamua", watakufundisha. Ukijifanya mjuzi, watakuacha peke yako na mnyama wa kilo 600.

Msichana aongeze mambo mawili: kama anavaa hijabu, na kwamba anahitaji chumba chenye funguo. Programu ya maana haitakwazika na ombi hilo.

Utajua barua imefanya kazi wakikujibu kwa maswali. Wasipojibu lolote kuhusu chakula, uliza tena.

## Hatua ya 5: Kufika

Safisha viatu vyako kwa brashi na sabuni kabla ya kuondoka, hasa kama umetembelea zizi lolote. Wafugaji wa Ulaya wanaogopa sana magonjwa ya mifugo. Homa ya miguu na midomo ilipoibuka tena Ujerumani Januari 2025, baada ya nchi hiyo kukaa tangu 1988 bila ugonjwa huo, mifugo iliuawa na biashara ikafungwa. Ukiambiwa usubiri siku kadhaa kabla ya kuingia zizini, au ukanyage dawa mlangoni, usidhani unatengwa.

Ukifika, wasalimie kwa mkono huku unamtazama mtu machoni. Kwetu kijana kumkazia macho mzee ni utovu wa adabu. Kule kutazama chini husomeka kama unaficha jambo. Wakikuambia uwaite kwa majina yao, waite hivyo hivyo, hata kama ulimi unakataa kumwita mama wa miaka 60 kwa jina. Vua viatu mlangoni. Toa zawadi siku hiyo hiyo, mbele ya wote.

Kabla ya kulala, uliza maswali matatu na uyaandike majibu: kesho naamka saa ngapi, nitafanya nini kwanza, na kuna mahali au kitu nisichotakiwa kukigusa?

Saa iandike kwa tarakimu za saa 24. Ukiambiwa kazi inaanza 05:30, ni saa 11 na nusu alfajiri, na maana yake uwe umeshavaa gambuti umesimama zizini. Kuchelewa dakika kumi kule huhesabiwa.

## Hatua ya 6: Mezani

Hapa ndipo vijana wetu wengi hupungua uzito.

Mwenyeji anauliza, "Utaongeza?" Wewe, kwa adabu ya nyumbani, unasema hapana ukisubiri akubembeleze. Habembelezi. Anaondoa bakuli. Kwao kumlazimisha mtu aliyekataa ni kumkosea heshima. Kwa hiyo kuanzia mlo wa kwanza, ukiwa na njaa sema ndiyo, tafadhali. Ukishiba sema asante, nimeshiba.

Pakua kidogo kidogo, umalize, uongeze. Kubakiza chakula kwenye sahani huonekana ni upotevu au hukukipenda.

Ujerumani, hasa vijijini, chakula cha moto mara nyingi ni cha mchana. Jioni ni mkate, jibini, siagi, matango na vipande vya nyama baridi. Kijana aliyezoea ugali wa muhogo na samaki usiku huona amepewa kitafunio, akalala na njaa akingoja chakula chenyewe kije. Hakiji. Kula mkate mpaka ushibe. Na kama mwili unadai chakula cha moto, uliza kama unaweza kupasha kilichobaki mchana.

Nguruwe hujificha. Anaweza kuwemo kwenye soseji, kwenye supu ya dengu kama vipande vidogo vya mafuta, na kwenye peremende za jelatini. Kwa Kijerumani tafuta kwenye pakiti maneno Schwein, Speck na Schinken. Ukiona huna hakika, uliza kabla ya kutia mdomoni, kwa sauti ya kawaida. Usikae unachokonoa sahani kimya, maana mpishi ataumia zaidi kuliko ungemuuliza.

Ramadhani kwa miaka hii inaangukia majira ya baridi ya Ulaya, wakati mchana ni mfupi, kwa hiyo funga haiwi ndefu kama wengi wanavyohofia. Waambie wiki mbili kabla: utakula saa ngapi, daku utajiandalia mwenyewe, na kazi utafanya kama kawaida ila huenda ukahitaji zile nzito zije asubuhi. Kiangazi tatizo huhamia kwenye isha. Mwezi Juni jua la kaskazini mwa Ujerumani huzama karibu saa 4 usiku, na alfajiri inawahi mno. Panga usingizi wako kwa hesabu hiyo, na kama unahitaji kulala kidogo mchana, omba.

Wiki ya pili jitolee kupika. Tui la nazi la kopo linapatikana kwenye maduka makubwa, kwa hiyo wali wa nazi, maharage na kuku wa kukaanga vinawezekana. Pilipili weka pembeni. Baada ya mlo osha vyombo, au upange kwenye mashine ya kuoshea kama ulivyoonyeshwa. Kijana wa kiume pia. Kule mtoto wa kiume anayenyanyuka mezani akaacha sahani yake huonekana hakulelewa.

Utajua umefanikiwa pale utakapoweza kusema "hiki sikipendi" na mezani pakabaki pametulia.

## Hatua ya 7: Zizini na shambani

Soma sehemu hii mara mbili. Mengine ukikosea utaona aibu. Humu ukikosea unaweza kufa.

Shimo la samadi ya maji. Mavi na mkojo wa ng'ombe hukusanywa chini ya zizi au kwenye matangi. Yakikorogwa hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu. Gesi hiyo ikizidi, pua inaacha kuisikia, na mtu huanguka papo hapo. Ukimwona mwenzako ameanguka humo, USIINGIE kumwokoa. Watu wengi wamekufa kwenye mashimo haya wakijaribu kuokoa wengine. Kimbia, piga kelele, piga 112. Namba hiyo ya dharura inafanya kazi nchi zote za Umoja wa Ulaya.

Mhimili wa nyuma ya trekta. Ule unaozungusha mashine hunasa nguo na kuivuta pamoja na mtu kwa kasi usiyoweza kushindana nayo. Usivae kitu kinachoning'inia. Hijabu iwe ya kubana, ncha zake zote ndani ya ovaroli. Mtandio na kanga vibaki nyumbani. Trekta usiendeshe bila leseni inayokubalika na ruhusa ya wazi, hata kama Nachingwea umeendesha miaka yote.

Maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa. Ng'ombe akichomwa antibaiotiki huwekwa alama, mara nyingi mkanda mwekundu mguuni. Maziwa yake hayaingii kwenye tangi kuu. Kiwanda hupima, na mabaki ya dawa kutoka kwa ng'ombe mmoja yanaweza kuharibu tangi zima na kumtia mkulima hasara kubwa. Uliza siku ya kwanza: alama yenu ni ipi? Kila ukiingia kukamua, tazama miguu kabla ya kuvisha mashine. Kama umekosea, simamisha kila kitu umwambie mwenyeji dakika ile ile, kabla gari la maziwa halijafika. Atakasirika. Ukificha, hatakuamini tena.

Dawa za kusafishia mashine. Zipo za tindikali na zipo zenye klorini. Zikichanganywa hutoa gesi ya sumu. Usimimine chochote kutoka dumu usilolijua.

Fahali na ng'ombe mwenye ndama mchanga. Usimpe mgongo, wala usiingie peke yako. Uzio wa umeme nao haukuui ukiwa na afya njema, lakini utakurusha, kwa hiyo usiushike kujaribu.

Baada ya hayo, jambo moja la tabia linalookoa mambo mengi: rudia maelekezo. Ukipewa maagizo, usiitikie tu. Sema kwa maneno yako, "Kwa hiyo ndama hawa wanne wanapata lita tatu kila mmoja, na huyu wa mwisho hapati?" Kama umeelewa vibaya, mwenyeji atakusahihisha pale pale. Andika kwenye daftari. Mkulima wa kule anayeona kijana anaandika humheshimu haraka, kwa sababu yeye mwenyewe anaandika kila kitu.

Jioni jikague mwili kama umepita kwenye nyasi ndefu: nyuma ya magoti, kwapani, kinenani. Kupe wa kule hueneza magonjwa kwa watu. Mtoe kwa kibanio, umvute taratibu ukimshika karibu na ngozi. Ukiona wekundu unaotanuka kama duara siku au wiki baadaye, nenda kwa daktari. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, kwa hiyo usingoje uwe mwekundu wa kitabuni.

## Hatua ya 8: Chooni na bafuni

Vyoo vyao ni vya karatasi. Kama unatumia maji, beba kikopo au chupa yako na uitumie ukiwa umekaa, maana sakafu nyingi hazina tundu la kutolea maji. Ukimwaga, yanapenya hadi dari ya chini. Kuoga ni ndani ya kijichumba cha kuogea au beseni kubwa la kuogea, pazia likiwa ndani. Dakika chache zinatosha, kwa kuwa maji ya moto yana gharama. Ukimaliza, futa na fungua dirisha.

Takataka hutenganishwa: karatasi, plastiki, mabaki ya chakula, chupa. Omba uonyeshwe mara moja, piga picha mapipa.

## Hatua ya 9: Omba kikao cha kila wiki

Chagua siku, kwa mfano Jumapili baada ya chai, dakika 20 tu. Wewe ndiye uombe. Uliza mambo matatu: nini nimefanya vizuri, nini nibadilishe, na wiki ijayo kuna nini. Kisha nawe useme moja linalokusumbua. Moja, siyo kumi. "Chumba kina baridi usiku." "Jumamosi sikupumzika, na makubaliano yanasema nipumzike." "Sikuelewa kwa nini ulipandisha sauti jana."

Watasema yao bila kuzungusha. "Ulifanya vibaya hapa" ni sentensi ya kazi, siyo tusi. Baada yake wanamimina kahawa na mambo yamekwisha. Usibaki na kinyongo juu ya jambo ambalo mwenzako ameshalisahau.

Kama saa za kazi zinazidi makubaliano wiki baada ya wiki, au unaguswa usivyotaka, au umenyang'anywa nyaraka, hilo si la kikao. Mpigie mratibu siku hiyo hiyo. Kuhamishwa kwenda familia nyingine ni jambo la kawaida kwenye programu hizi, na halikufanyi mshindwa.

## Hatua ya 10: Ukipata homa, taja malaria

Tunatoka mikoa yenye malaria nyingi. Unaweza kusafiri ukiwa na vimelea damuni na homa ikaibuka Ulaya baada ya wiki kadhaa. Daktari wa kijijini kule anaweza kudhani ni mafua akakurudisha ukalale. Mwambie mwenyewe, kwa sauti: nimetoka Tanzania, eneo la malaria, naomba nipimwe damu leo. Usikubali kusubiri hadi kesho. Mwambie na mwenyeji maneno hayo siku unapofika, ili ukizidiwa aseme kwa niaba yako.

Na ukirudi baada ya miezi mingi, kinga uliyojijengea itakuwa imepungua. Lala ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, na homa yoyote ipimwe.

## Hatua ya 11: Baridi, giza na simu za nyumbani

Desemba kaskazini mwa Ujerumani jua huzama karibu saa 10 jioni. Baridi utaizoea kwa kuvaa nguo nyingi nyepesi moja juu ya nyingine, lakini giza humwingia mtu moyoni. Toka nje mchana kila siku, hata dakika 30. Paka mafuta mikono kabla haijapasuka.

Simu za nyumbani ziwekee saa. Anayeongea na Newala kila usiku hadi saa 6 anaishi Newala na kulala Ulaya, na familia iliyomkaribisha haimpati. Tofauti ya saa ni moja wakati wa kiangazi na mbili wakati wa baridi, kwa hiyo haikusumbui. Tafuta kwaya, timu ya mpira ya kijiji, kikosi cha zimamoto cha kujitolea, au msikiti na kanisa mji wa karibu. Vijijini kule watu hukutana kwenye vikundi, na hutamwona mtu akipita barazani kwako kukujulia hali.

## Hatua ya 12: Uliza hesabu za shamba

Trekta la kule hutarudi nalo. Hesabu utarudi nazo. Muulize mwenyeji akuonyeshe anavyoandika gharama na mapato, na karatasi ya malipo ya maziwa kutoka kwenye ushirika wao. Wakulima wengi wa Ujerumani na Denmark huuza maziwa kupitia ushirika, kwa hiyo mtu wa AMCOS hapo ana maswali ya maana: makato ni yapi, bei inapangwaje, mwanachama akiona amepunjwa anakwenda wapi?

Nawe uwe na takwimu zako tayari: ekari ngapi, miche mingapi, kilo ngapi msimu uliopita. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 wanayoshauri wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, ekari moja inabeba mikorosho kama 28. Mwenyeji akikuuliza unavuna kilo ngapi kwa mti na ukawa na jibu, mtazungumza kama wakulima wawili.

Kila wiki andika jambo moja unaloweza kulifanya kwako bila mashine wala mkopo: kupima, kuandika tarehe za kupuliza salfa, kuweka alama mti usiozaa. Wiki ya mwisho chagua mawili kati ya hayo, mwonyeshe mwenyeji, akwambie lipi lingempa tabu kama angekuwa wewe. Kisha panga siku ya kuyaeleza kwenye mkutano wa AMCOS ya kijiji chako, kabla ya mnada wa kwanza wa korosho.